Baiskeli kongwe ya feleji yaweza kuwa nyepesi, lakini pima kabla ya kununua

MIONGONI mwa mitumba inayoingia nchini kutoka Ulaya hutokea mara kwa mara baiskeli ambayo mpita njia huenda asiigeuzie shingo: ya mbio, usukani umepinda chini mithili ya pembe za kondoo dume, mabomba yake ni membamba na rangi imefifia. Ni baiskeli ya miaka ya 1970 au 1980. Mwenye kuitambua huinunua kwa bei nafuu, kisha huanza kujiuliza iwapo yaweza kuvishwa magurudumu, breki na gia za kisasa ikawa nyepesi kama zile mpya za madukani.

Yaweza, tena vizuri. Hata hivyo, kazi hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni wa mfuko: vipuri vya leo havikuundwa kwa vipimo vya jana, na tofauti ya milimita 4 tu yatosha kuyafanya magurudumu ya bei ghali yakatae kuingia. Wa pili ni wa uhai: baadhi ya sehemu zinazong'aa na kuonekana nzima katika baiskeli kongwe ndizo zinazovunjika bila ilani, na nyingine ambazo mwenyewe huziacha kwa kuwa "bado zinafanya kazi" ndizo zinazomwangusha kwenye mteremko siku ya mvua.

Ifahamike mapema kwamba hapa haizungumziwi ile baiskeli nyeusi iitwayo Black Mamba, yenye breki za vyuma virefu, iliyobeba maziwa, kuni na abiria wa bodaboda huko Busia kabla ya pikipiki kuingia. Hiyo iliundwa kwa mizigo na uzito wake ni sehemu ya nguvu zake. Kuipunguzia kilo ni kuipokonya kazi.

Ubora wa mabomba

Feleji, ambayo wengi huiita chuma cha pua, ilitawala mashindano ya baiskeli kwa karibu karne nzima. Siri yake haikuwa chuma chenyewe tu bali namna bomba lilivyoundwa. Mnamo 1897, Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, ambaye ukoo wake ulikuwa wa watengeneza misumari, alipata hataza ya bomba lenye kuta nene miishoni na nyembamba katikati. Miisho ndiyo inayounganishwa kwa moto na kubeba mikazo mikubwa, ilhali katikati hapahitaji chuma kingi. Mwaka 1935 kampuni hiyo ikatoa mabomba ya Reynolds 531, yaliyochanganywa mangani na molibdeni, na jina hilo likabaki kuwa kigezo cha ubora kwa miongo mingi. Italia nayo ilikuwa na Columbus ya Milan. Bomba lake la aina ya SL lilikuwa na ukuta wa milimita 0.9 kwenye miisho na 0.6 katikati, yaani wembamba unaopita wa kadi ya benki.

Fremu ya mabomba kama hayo huwa na uzito wa takribani kilo 2, na uma wa mbele gramu 700 hivi. Baiskeli nzima ya mbio ya zama hizo ilikuwa na kilo 10 au 11. Juu ya fremu za feleji Mholanzi Joop Zoetemelk alishinda Tour de France mwaka 1980 akiwa na timu ya TI-Raleigh, na Mhispania Miguel Indurain akapata ushindi wake wa mwanzo katika miaka ya 1990. Baadaye ikaja alumini, kisha nyuzi za kaboni. Kufikia 2013, mzaliwa wa Nairobi Chris Froome, ambaye ujanani alifunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, aliposhinda shindano hilo kwa mara ya kwanza, feleji ilikuwa imekwisha kutoweka katika timu kubwa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, lilikuwa limeweka tangu 2000 kikomo cha kilo 6.8 ili waunda baiskeli wasivuke mpaka katika kutafuta wepesi.

Ukipiga hesabu, fremu nzuri ya feleji pamoja na uma wake huizidi ile ya kaboni kwa kilo 1 na nusu hivi. Uzito mwingine wote unaoitenga baiskeli kongwe na mpya umo katika vipuri, na vipuri hubadilishwa. Hapo ndipo matumaini yalipo.

Lakini si kila fremu kongwe ni ya daraja hilo. Viwanda viliuza pia baiskeli zenye umbo la mbio zilizoundwa kwa mabomba mazito ya kawaida, na kibandiko cha Reynolds au Columbus chaweza kuwa kimebambuka au kubandikwa na mjanja. Njia moja ya kupima ni kuchomoa nguzo ya kiti na kusoma kipenyo chake. Bomba la kiti katika baiskeli nyingi lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6, hivyo nguzo ya milimita 27.2 ina maana kwamba kuta ni nyembamba. Nguzo ya milimita 25.4 yaashiria bomba nene na zito, na fremu ya namna hiyo haistahili kutumbukiziwa pesa nyingi.

Nguzo ikikataa kuchomoka, hilo lenyewe ni habari. Alumini iliyokaa ndani ya feleji kwa miaka bila grisi hushikana nayo kwa kutu ya kemikali, na wako waliovunja fremu wakijaribu kuzitenganisha. Mafuta ya kupenya kutu na subira ya siku kadhaa hufaa kuliko nyundo. Kwa baiskeli iliyokaa Pwani, ambako hewa ina chumvi, sharti ikaguliwe pia sehemu ya chini inapopita ekseli ya pedali, kwa kuwa maji hutuama humo na kula bomba kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki safi.

Pitisha kidole chini ya bomba kuu la mbele, karibu na linapokutana na bomba la shingo. Uvimbe au rangi iliyokunjamana mahali hapo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu. Ukiona ufa, usiipeleke kwa fundi wa kulehemu mageti. Moto wa umeme unaofaa vyuma vya geti huliunguza bomba la milimita 0.6. Fremu hizi ziliungwa kwa shaba ya manjano au kwa fedha, ambazo huyeyuka katika joto la chini kuliko feleji, na hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa sababu iyo hiyo, anayepaka rangi upya asimruhusu mtu kuikwangua fremu kwa mashine ya kusagia.

Gramu na jasho

Kabla ya kufungua kibeti ni vyema kujua kilo moja ina thamani gani barabarani, maana biashara ya vipuri vyepesi hustawi kwa kutia chumvi.

Chukua mwendeshaji ambaye, pamoja na baiskeli, maji na mavazi, ana kilo 85, akipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Kwa kila mita 500 za kimo, miguu yake inayotoa wati 200 itahitaji takribani dakika 35 kushindana na uvutano wa dunia peke yake, mbali na upepo na msuguano wa tairi. Akiipunguzia baiskeli kilo 2 ataokoa sekunde 49. Kwa mshindani huo ni muda mwingi, ila kwa mtu anayekwenda kazini au kunyoosha viungo Jumapili ni muda wa kufuta jasho. Katika barabara tambarare, kama ile ya kuelekea Magadi ikishafika bondeni, kilo hizo 2 hazihisiki kabisa.

Pana pia imani kwamba gramu moja kwenye gurudumu ni sawa na mbili kwenye fremu. Hilo lina ukweli pale tu mwendeshaji anapoongeza kasi, kwa kuwa ukingo wa gurudumu huzunguka na pia huenda mbele. Akipanda mlima kwa mwendo usiobadilika, gramu ni gramu popote ilipo.

Je, kwa nini basi magurudumu yawe ya kwanza kubadilishwa? Kwa sababu ndipo penye kilo nyingi za kuondoa kwa pesa chache, na kwa sababu ya breki. Baiskeli nyingi za bei ya wastani za miaka ya 1970 zilikuwa na rimu za feleji zilizopakwa kromu. Rimu moja hukaribia kilo, ilhali ya alumini ni karibu nusu yake. Isitoshe, kromu ikilowa haishikiki. Raba ya breki huteleza juu yake kama sabuni, na umbali wa kusimama huongezeka maradufu na zaidi. Sumaku ndogo hutoa hukumu kwa haraka: ikinata kwenye rimu, rimu hiyo itoke, hata kama kila kitu kingine kitabaki. Badiliko hili moja lina faida kuliko vipuri vyote vya kaboni vinavyoweza kununuliwa baadaye.

Magurudumu na milimita 4

Baiskeli nyingi za Uingereza na Marekani za zama hizo zilitumia gurudumu la inchi 27, ambalo rimu yake ina kipenyo cha milimita 630 mahali tairi linapokalia. Gurudumu la leo la mbio, liitwalo 700C, lina milimita 622. Tofauti ni 8, kwa hivyo ukingo wa rimu mpya utakuwa chini kwa milimita 4 kuliko ule wa zamani, na raba za breki hazina budi kushuka kiasi hicho. Aghalabu breki zilizokuwepo huwa na nafasi ya kutosha. Faida yake ni kwamba fremu hubaki na upenyo wa kuwekea tairi pana zaidi, la milimita 28 au hata 32. Katika barabara zetu, upana huo una manufaa kuliko wepesi. Tairi bora la milimita 28 huwa na gramu 300 au pungufu, hupita mashimo bila kuumiza rimu, na huviringika kwa urahisi kuliko lile jembamba lililojazwa upepo hadi kuwa gumu kama mti.

Kizuizi kikubwa kipo nyuma. Fremu hushika ekseli kwa vipande viwili vya chuma vyenye nafasi iliyo wazi, ambavyo hapa vitaitwa masikio. Umbali kati ya masikio hayo umekuwa ukiongezeka kadiri gia zilivyoongezeka. Baiskeli za gia 5 nyuma zilikuwa na milimita 120, za gia 6 au 7 zikawa na 126, na tangu zilipokuja gia 8 hadi 11 kiwango ni milimita 130. Upande wa mbele haukubadilika, ni 100. Magurudumu ya breki za diski, yenye milimita 135 au 142, ni bora yaachwe kabisa. Fremu kongwe haina mahali pa kufungia diski, na uma wake haukuundwa kuhimili nguvu inayosukuma upande mmoja.

Hapa ndipo feleji hudhihirisha utu wake. Yaweza kupanuliwa ikiwa baridi na ikakaa ilivyowekwa, jambo ambalo alumini na kaboni haziwezi, kwani hupasuka. Kutoka 126 hadi 130 ni milimita 2 kwa kila upande. Fundi huiondoa gurudumu, huegemeza ubao mrefu kwenye bomba la kiti na kuutumia kama wenzo kuusukuma mkono mmoja wa nyuma nje, kisha hupima. Husukuma tena kidogo na kupima tena, kwa kuwa feleji hurudi nyuma kama upinde na ni lazima ipite kidogo alama inayotakiwa ndipo itulie mahali pake. Baada ya upande mmoja hufanya wa pili.

Kazi haiishii hapo. Mikono miwili hailingani kwa ugumu, na asiye mwangalifu huishia kusogeza upande mmoja milimita 3 na mwingine 1. Kipimo cha kuthibitisha ni uzi. Hufungwa kwenye sikio moja, huzungushwa mbele ya bomba la shingo, kisha hurudishwa hadi sikio la pili. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti sharti uwe sawa kulia na kushoto. Mwishowe masikio yenyewe hunyooshwa yatazamane sambamba, maana yakibaki yamepinda ekseli hukazwa ikiwa imelazimishwa na huvunjika kabla ya wakati wake. Wapo wanaoepuka shughuli hii yote kwa kuyatanua masikio kwa mikono kila wanapoingiza gurudumu. Kwa milimita 4 inawezekana, ila ni desturi ya kuchosha kila tairi linapotoboka, na masikio hubaki bila usawa.

Kutoka 120 hadi 130 ni safari ndefu zaidi na yahitaji fundi aliyewahi kuifanya. Na fremu za Reynolds 753, zilizopashwa moto maalumu ili ziwe nyembamba kupita 531, hazifai kukunjwa hata kidogo.

Breki

Breki za zamani si mbaya zote. Nyingi hudhoofishwa na raba zilizokauka na waya zilizoshika kutu ndani ya ala zake. Anayebadilisha raba, waya na ala peke yake huenda akashangaa. Akitaka koleo mpya, vipimo ni viwili. Cha kwanza ni urefu: kutoka tundu la boliti katika uma hadi katikati ya ukingo wa rimu. Koleo za kisasa za mbio hufikia milimita 39 hadi 49, na fremu kongwe nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Zipo za milimita 47 hadi 57, na nyingine ndefu zifikazo 73. Mtu asiyepima huletewa koleo maridadi ambazo raba zake husugua tairi badala ya rimu, na tairi linalosuguliwa hupasuka.

Kipimo cha pili ni boliti. Koleo za zamani hufungwa kwa nati ya kawaida nyuma ya uma. Za sasa hutumia nati ndefu ya mviringo inayozama ndani, ambayo huhitaji tundu la milimita 8. Tundu la nyuma peke yake ndilo hupanuliwa. La mbele libaki na milimita 6 zake, ndilo linaloshika boliti isicheze.

Pedali na gia

Zile krenki zilizokazwa kwa pini nene ya feleji iliyopigwa kwa nyundo ni nzito, na kuziondoa huleta nafuu kubwa baada ya magurudumu. Tatizo ni nyuzi za skrubu ndani ya fremu. Kiwango cha Uingereza, ambacho Japani nayo ilikifuata, ni kipenyo cha inchi 1.37 chenye nyuzi 24 kwa kila inchi, na fremu upana wa milimita 68. Upande wa cheni hukazwa kwa kugeuzwa kinyume, jambo linalowafanya mafundi wasiojua kuuvunja wakidhani wanaufungua. Italia ilitumia milimita 36 na upana wa 70, pande zote zikikazwa kuelekea kulia. Ufaransa ilikuwa na milimita 35 zake, na Raleigh ya Nottingham iliweka katika baiskeli zake nyingi nyuzi 26 badala ya 24. Mwenye Peugeot ya 1975 hawezi kununua ekseli ya kwanza anayoiona rafuni. Kwa fremu kaidi kuna ekseli zilizofungwa ndani ya kasha ambazo hubana bila kutegemea nyuzi. Hata pedali za Ufaransa ya kale, za milimita 14, hazilingani na za inchi 9/16 zinazouzwa leo. Ni heri kupima kwa venia kuliko kukisia.

Faida ya kubadilisha krenki ni zaidi ya uzito. Baiskeli ya mbio ya zamani kwa kawaida ilikuwa na meno 52 na 42 mbele, na gia kubwa kabisa ya nyuma ikiwa na meno 24 hivi. Katika gia nyepesi kuliko zote, mzunguko mmoja wa pedali uliisogeza baiskeli mita 3.7. Ilikuwa gia ya vijana wenye mapaja ya mawe. Krenki ya leo yenye meno 50 na 34, ikiunganishwa na kaseti ifikayo meno 32, huisogeza mita 2.2 kwa mzunguko. Mwenye umri wa miaka 50 anayepanda Ngong hataihisi gramu iliyotolewa kwenye nguzo ya kiti, lakini gia hiyo ataihisi katika kila hatua. Lau pangekuwa na pesa za badiliko moja tu baada ya magurudumu, hili ndilo lingestahili. Kihamishi cha cheni cha nyuma nacho kiwe chenye mkono mrefu wa kutosha kumudu meno hayo.

Kuhusu nyenzo za gia, zile za kale hukaa kwenye bomba la chini na hazina alama za vituo. Mwendeshaji huusogeza wenzo hadi sikio lake limwambie cheni imekaa. Katikati ya miaka ya 1980 Shimano ilileta mfumo unaobofya kwa kila gia, na 1990 ikaweka breki na gia katika kishikio kimoja. Campagnolo ikafuata 1992 na mfumo wake. Vishikio hivyo vyaweza kufungwa kwenye fremu kongwe bila shida. Panapokuwa na vishina vya nyenzo za zamani hufungwa vishikiza vidogo vya kuongozea waya, na pasipokuwa navyo hutumiwa mkanda wa chuma.

Sharti moja halikwepeki. Kile kipande kinachoning'iniza kihamishi cha nyuma lazima kinyooshwe kwa kifaa maalumu. Gia 5 zilivumilia kikiwa kimepinda kidogo, lakini gia 10 au 11, ambazo zimekaribiana mno, hazitavumilia. Ifahamike pia kwamba kampuni kubwa zimehamia breki za diski, na vipuri vipya vya daraja la juu kwa breki za rimu vinaadimika. Mfumo wa gia 10 au 11, mpya au uliotumika, ndio unaopatikana kwa urahisi na ndio unaoifaa fremu ya milimita 130.

Usukani

Hakuna sehemu inayopuuzwa zaidi ya usukani na shingo yake, na hakuna inayostahili tahadhari zaidi. Feleji ikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani haichoki, hata ukiirudia mara milioni. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko hutoa sehemu ndogo ya maisha yake, na siku moja usukani wa 1978 uliosuguliwa ukang'aa hukatika penye kibano, mwendeshaji akiwa ameegemea kwa uzito wake wote. Usukani wa alumini usiojulikana historia yake, na shingo yake, vibadilishwe. Krenki za zamani za alumini zikaguliwe kwa lenzi mahali mkono unapokutana na matawi yanayoshika gia, na kwenye tundu la pedali.

Shingo za kale huzama ndani ya uma zikiwa na kipenyo cha milimita 22.2, isipokuwa za Ufaransa zenye 22.0. Atakaye usukani wa kisasa, ambao kibano chake ni milimita 31.8, huweka kiunganishi kinachozama humo na juu yake kufungwa shingo ya leo. Hakipendezi sana machoni na hakipunguzi uzito, ila hurahisisha mambo. Wengine huona ni afadhali kununua shingo mpya ya mtindo wa zamani, na fremu nyembamba za feleji huonekana vyema zaidi nayo. Kwa vyovyote vile, alama ya kina cha chini kabisa iliyochongwa kwenye shingo isionekane nje.

Swali la uma wa kaboni huulizwa na kila mwenye hamu, kwa kuwa waweza kuokoa gramu 300 na zaidi. Jibu la busara ni kuachana nao. Uma wa kipenyo cha inchi 1 unaofaa fremu hizi umekuwa adimu, urefu na mpindo wake hutofautiana na wa asili, na badiliko dogo hapo hugeuza tabia ya baiskeli kwenye kona. Fremu na uma ziliundwa pamoja. Gramu hizo zitafutwe kwingineko: kiti cha ngozi cha nusu kilo kikipisha chepesi, zinapatikana zote bila hatari yoyote.

Wapo, na hoja yao ina uzito, wanaoona shughuli hii ni uharibifu wa turathi. Katika tamasha la L'Eroica, lililoanzishwa Gaiole in Chianti nchini Italia mwaka 1997, baiskeli za mbio zinazokubaliwa ni zile za 1987 au kabla, zenye nyenzo za gia kwenye bomba la chini. Fremu adimu iliyosalia na vipuri vyake vyote vya asili inastahili heshima hiyo, na thamani yake hushuka inapochanganywa. Ile iliyokwisha kupokonywa nusu ya vipuri vyake kabla ya kufika bandarini haina turathi ya kulindwa. Hata hivyo, vya zamani vitolewavyo vihifadhiwe katika boksi moja. Kupanua masikio na tundu la breki ndiyo mabadiliko pekee yanayoacha alama. Mengine yote yaweza kurudishwa ilivyokuwa kwa siku moja.

Gharama hupanda kimyakimya, kwani mchovya asali hachovyi mara moja. Mwenye magurudumu mapya hutamani krenki, mwenye krenki hutamani vishikio, na mwishowe jumla hupita bei ya baiskeli ya alumini iliyotumika kidogo yenye uzito uo huo. Anayetafuta wepesi kwa bei ya chini kabisa akainunue hiyo. Feleji ni ya yule anayeitaka feleji, na kwa kawaida ataishia na baiskeli ya kilo 9 hivi, wakati mwingine pungufu kidogo.

Ikikamilika, iendeshwe taratibu kwa kilomita 100 za kwanza, mbali na miteremko mikali. Baada ya hapo boliti za krenki na za shingo zikazwe upya, spoki zipigwe kwa kidole ili ile iliyolegea isikike, na umbali kati ya masikio upimwe tena kwa venia gurudumu likiwa limetolewa. Wakati huo nguzo ya kiti nayo ichomolewe, ipakwe grisi na kurudishwa, na irudiwe hivyo kila mwaka.